Homoni za matunda na hatari ya kabaidi: maswali na majibu

Ni kweli matunda ya sokoni yana homoni?

Kweli, na ya shambani kwako pia yanazo. Ua likishachavushwa, mbegu changa hutoa oksini na jibarelini, homoni zinazolifanya tunda linenepe. Ukiona tikiti limejaa upande mmoja na kusinyaa upande wa pili, mara nyingi ni kwa sababu uchavushaji haukukamilika. Tunda likishakomaa, zamu ni ya etilini, homoni nyingine ambayo ni gesi. Hapo wanga hugeuka sukari, ganda hubadilika rangi na nyama hulainika.

Binti yangu akila matunda hayo, atavunja ungo mapema?

Hapana. Homoni hufanya kazi penye kipokezi chake tu, yaani sehemu ya seli inayoipokea, na seli za binadamu hazina kipokezi cha etilini. Inasikitisha mtoto akinyimwa papai kwa hofu hii.

Na kuvumbika ndizi?

Endelea bila wasiwasi. Bibi zetu walipozifunika kwa majani makavu, walizuia etilini ya ndizi zenyewe isipotee. Parachichi gumu nalo huiva upesi likifungwa kwenye mfuko wa karatasi pamoja na ndizi mbivu. Chungwa na nanasi usihangaike nayo. Hayaongezi utamu baada ya kuchumwa.

Kabaidi je?

Hiyo ndiyo ya kuogopa. Ni ile ya mafundi wa kuchomelea vyuma, ambayo baadhi ya wachuuzi huivishia matunda. Ikipata unyevu hutoa asetilini, gesi inayoiga kazi ya etilini. Asetilini yenyewe siyo hofu kubwa kwa mlaji. Kabaidi ya viwandani huwa na mabaki ya aseniki na fosforasi, na aseniki ni sumu. India imepiga marufuku kuivisha matunda kwa kabaidi, na inaruhusu gesi ya etilini kwa kiwango maalumu. Anayesahaulika ni mchuuzi: kabaidi huunguza mikono yenye jasho, vumbi lake huwasha macho na koo, na gesi yake hulipuka ikikutana na moto.

Nitalitambuaje embe la kabaidi?

Kwa macho huwezi kuwa na hakika. Lishuku lile lenye ganda la njano tupu lakini ndani gumu, chachu, lisilo na harufu ya embe. Ukiwa umeshanunua, lioshe kwa maji yanayotiririka kisha menya ganda lote, ingawa hilo hupunguza tu mabaki ya nje. Mimi ningenunua lililokomaa likiwa bado gumu, nikaliivisha nyumbani. Aliyekula akaanza kutapika, kuharisha au kupumua kwa shida apelekwe kituo cha afya mara moja.