Machozi ya Mamba: Maana na Chimbuko la Nahau ya Kiingereza

Waingereza wanaposema kwamba fulani anatoa machozi ya mamba, wana maana kuwa anajifanya kuhuzunika, mara nyingi kwa ajili ya mtu ambaye yeye mwenyewe amemdhuru, na kwamba kilio chake ni cha kuwahadaa wanaomtazama. Nahau hii imekwisha kuingia katika Kiswahili cha magazeti na cha majukwaa ya siasa, neno kwa neno, na kwa kuwa mamba tunaye mitoni ni rahisi kudhani kwamba ni yetu tangu asili. Kumbe ilikomaa Ulaya, miongoni mwa watu ambao wengi wao hawakupata kumwona mamba ila kwenye michoro.

Katika karne ya 14 kilienea huko kitabu cha safari kilichotolewa kwa jina la John Mandeville, kilichosimulia kwamba mamba huua watu na kuwala huku wakilia. Masimulizi ya namna hiyo yalikuwa na sura mbili ambazo hazifanani: moja ilidai kwamba mamba hulia ili mpita njia amwonee huruma na kumsogelea, na nyingine kwamba hulia wakati anapomla. Mwanazuoni Erasmus wa Rotterdam aliuingiza msemo huo katika mkusanyo wake mashuhuri wa methali, na wasomi wakaurithi.

Shakespeare aliutumia kwa namna inayostahili kutazamwa kwa karibu. Katika tamthilia ya Othello, iliyoandikwa mwanzoni mwa karne ya 17, Othello anampiga mkewe Desdemona mbele ya mgeni aliyetoka Venice. Desdemona analia, naye Othello anasema kwamba kama ardhi ingeweza kushika mimba kwa machozi ya mwanamke, kila tone la mkewe lingezaa mamba. Watazamaji wanajua fika kwamba mwanamke huyo hana hatia na kwamba machozi yake ni ya kweli. Ndivyo ilivyo pia katika sehemu ya pili ya tamthilia ya Henry VI, ambamo Malkia Margaret anamfananisha Duke wa Gloucester, mkabaila mkubwa, na mamba anayewanasa wapita njia kwa majonzi yake, ilhali malkia mwenyewe ndiye anayeshiriki njama ya kumwua mtu huyo. Kwa maoni yangu Shakespeare aliielewa nahau hii kuliko wengi wanaoitumia leo, kwa sababu aliona kwamba ni shutuma, na shutuma huweza kutoka kinywani mwa mwongo.

Je, mamba hulia kweli? Macho yake yana tezi za machozi, na machozi hayo hulainisha jicho pamoja na kope la tatu, ile ngozi nyembamba ipitayo juu ya jicho kutoka upande mmoja hadi mwingine. Mwaka 2007 watafiti Malcolm Shaner na Kent Vliet walichapisha matokeo ya uchunguzi walioufanya Florida, Marekani, kwa kuwalisha nchi kavu aligeta na kaimani, ambao ni jamaa wa karibu wa mamba. Kati ya wanyama 7 waliowatazama, 5 walitokwa na machozi walipokuwa wakila, na kwa baadhi yao yalifanya povu. Inadhaniwa kwamba hewa wanayoisukuma kwa nguvu wakati wa kula ndiyo inayoyatoa machozi hayo, huzuni haimo.

Madaktari nao wanalo jina hilo. Mtu aliyepooza uso huweza kupona huku nyuzi za neva zilizopaswa kwenda kwenye tezi za mate zikiota kuelekea kwenye tezi ya machozi, hivyo akila chakula jicho la upande huo humwaga machozi. Hali hiyo ilielezwa na Bogorad, daktari wa Urusi, katika miaka ya 1920.

Kwa waandishi na wafasiri, ni vyema kutofautisha nahau hii na maneno tuliyo nayo. Anayelia kwa kusingizia tu, bila ya kuwa yeye aliyeleta madhara, huyo anajiliza. Kilio cha samaki, ambacho machozi yake huenda na maji, ni cha mnyonge anayeumia kweli lakini haonekani. Machozi ya mamba hufaa zaidi pale mambo mawili yanapokutana: mtenda awe ndiye mwombolezaji, na machozi yaonekane.