I-130 imekubaliwa, mbona viza haiji?

I-130 ni fomu ambayo raia wa Marekani, au mkaazi wa kudumu (mwenye kadi ya kijani), humwombea jamaa yake ahamie huko. Barua ya kukubaliwa kwake ikifika, nyumbani hupigwa vigelegele na wengine huanza kuuza vyombo. Subirini kwanza. Barua hiyo inasema jambo moja tu: idara ya uhamiaji ya Marekani, USCIS, imeridhika kuwa undugu wenu ni wa kweli. Viza ina foleni yake.

Foleni hiyo haiwagusi mume au mke wa raia, mtoto wa raia aliye chini ya miaka 21 na asiye na ndoa, wala mzazi wa raia aliyetimiza miaka 21. Hao hawawekewi kikomo cha viza kwa mwaka. Wanangoja makaratasi tu. Waliobaki wamo kwenye madaraja yenye kikomo. F4, yaani kaka na dada wa raia, hupata viza 65,000 kwa mwaka, na ndani yake wanahesabiwa pia wenzi na watoto wao. F1 (watoto wazima wa raia wasio na ndoa) na F3 (wenye ndoa) hupata 23,400 kila moja. Matokeo yake, mwaka 2025 F4 ilikuwa bado inahudumia maombi ya 2008. Wakala anayekuahidi kuisogeza foleni hiyo anakula pesa yako.

Nafasi yako ni tarehe ya kipaumbele: siku I-130 ilipopokelewa, si ilipokubaliwa. Imeandikwa kwenye risiti, I-797. Ilinganishe kila mwezi na Visa Bulletin, tangazo la foleni za viza la Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani. Yako ikitangulia ile iliyoandikwa kwenye daraja lako, zamu imefika; herufi C maana yake hakuna kungoja. Safu ya kusoma humo hufuata nchi uliyozaliwa, si pasipoti. Aliyezaliwa India akakulia Mombasa husoma safu ya India, ingawa anaweza kutumia nchi alikozaliwa mwenzi wake wakisafiri pamoja. Majedwali ni mawili: la kuwasilisha linakuruhusu kuanza kutuma nyaraka, lakini viza hutolewa kwa jedwali la hatua ya mwisho. Na tarehe hizo hurudi nyuma wakati mwingine.

Kinachoua maombi mengi, kwa maoni yangu, ni mambo ya nyumbani. Binti wa mwenye kadi ya kijani akiolewa, ombi lake linakufa siku hiyohiyo, na talaka hailifufui. Usidhani nikahi ya nyumbani haihesabiwi: sheria za ndoa za Kenya (2014) na Tanzania (1971) zinaitambua ndoa ya Kiislamu na ya kimila. Mzazi angekuwa raia kabla ya harusi, binti angehamia F3 na tarehe yake ileile. Foleni ndefu, lakini hai.

Uraia nao una mtego. Baba mwenye kadi ya kijani amemwombea mama (F2A, daraja la wenzi na watoto wadogo wa wenye kadi ya kijani), na watoto wamepanda ombi hilohilo. Akiapishwa kuwa raia, mama anatoka kwenye foleni, lakini watoto wanashuka: kila mmoja anahitaji I-130 yake. Zitume mapema.

Umri wa mtoto aliye kwenye foleni hukokotolewa kwa sheria ya 2002. Chukua umri wake siku viza inapopatikana, toa muda ambao I-130 ilikaa USCIS kabla ya kukubaliwa. Ana miaka 22 na miezi 3, ombi lilikaa miezi 18: anahesabiwa miaka 20 na miezi 9, bado mtoto. Miaka ya kungoja zamu baada ya hapo haitolewi. Pia lazima achukue hatua ya kuomba viza, kwa kawaida kujaza DS-260 (fomu ya kuomba viza ya uhamiaji), ndani ya mwaka mmoja tangu viza ipatikane.

Mwaka mmoja huohuo unamhusu kila mtu: ukiarifiwa kuwa viza ipo na usiombe, usajili wako unaweza kufutwa. Katika miaka 15 watu hubadili simu, nyumba na barua pepe. Kila ukibadili, waarifu USCIS, na faili likishafika kituo cha kitaifa cha viza, NVC, waarifu na hao.