Njia za kuona za mtoto mchanga

Njia za kuona ni mkondo wa neva unaoanzia kwenye retina, ule utando wa nyuma ya jicho, ukapita talamasi katikati ya ubongo, na kufika kisogoni. Jicho hupokea mwanga tu. Sura ya mama hutambuliwa na ubongo.

Mtoto huzaliwa na mkondo huu, ila haujakamilika. Mzazi wa Lamu akiwa bado ndani ya arobaini, mwanawe huona vyema kiasi cha sentimita 20 hadi 30, yaani kutoka ziwani hadi usoni mwa anayemnyonyesha. Mtandikie kanga ya kisutu: atakodolea pale weusi unapokutana na weupe. Pazia la rangi hafifu halimshughulishi.

Wiki za mwanzo macho huongozwa zaidi na sehemu za chini za ubongo, kwa hiyo yakipishana mara moja moja si jambo la kutisha. Karibu na mwezi wa pili gamba la ubongo, lile tabaka lake la nje, hushika usukani, na mtoto huanza kufuatisha kitu kinachopita. Kati ya mwezi wa tatu na wa tano picha za macho mawili huungana, na mtoto hujua kitu kiko umbali gani; hapo ndipo mkufu wa bibi huwa hatarini.

Lakini mkondo huu hujengwa kwa kutumiwa. Watafiti David Hubel na Torsten Wiesel, waliopata Tuzo ya Nobel mwaka 1981, walifumba jicho moja la paka wachanga. Lilipofumbuliwa lilikuwa zima, ila seli za kisogoni karibu zote zilishahamia kwa jicho la pili. Ni kama baraza: ukichelewa, mwenzio kashakaa. Paka wakubwa hawakudhurika hivyo.

Ndiyo maana mvuvi mzee mwenye mtoto wa jicho anaweza kungoja upasuaji na bado akaona vizuri baadaye. Aliyezaliwa nao kwenye jicho moja hana muda huo. Madaktari hupenda kumpasua kabla ya miezi miwili. “Ngoja akue kwanza” ni ushauri mbaya kabisa hapa. Mboni ikionekana nyeupe, mpeleke leo. Kengeza likiendelea baada ya mwezi wa nne, usilizoee.

Jicho moja likishazembea, yaani ubongo umeacha kulitumia, lile jingine lisilo na tatizo huzibwa kwa saa kadhaa kila siku ili dhaifu lifanye kazi. Mtoto atalia, bibi atataka kukibandua kile kizibo. Kiachwe mpaka saa alizosema daktari zitimie.