Je, wajua? Watumwa wa Haiti ndio waliofanya Marekani iwe kubwa

Mwaka 1803 Rais Thomas Jefferson alimtuma James Monroe Paris kumsaidia balozi Robert Livingston. Kazi yao ilikuwa kununua mji wa New Orleans, karibu na mlango wa mto Mississippi, maana wakulima wa magharibi walipitishia mazao yao hapo. Lakini tarehe 11 Aprili, Monroe hata hajatia mguu Paris, waziri wa mambo ya nje wa Ufaransa, Talleyrand, akamwuliza Livingston: mtatoa kiasi gani mkipewa Louisiana yote?

Louisiana hiyo si jimbo la leo. Ilianzia Mississippi hadi milima ya Rocky, zaidi ya kilomita za mraba milioni 2. Kwa dola milioni 15, Marekani ikapanuka karibu maradufu. Wenyeji wenye ardhi, kama Waosage na Walakota, hawakuulizwa.

Kwa nini Napoleon, mtawala wa Ufaransa, akubali? Wengi hujibu kwamba alihitaji fedha za kupigana na Uingereza. Ni kweli, ila mzizi wenyewe uko Saint-Domingue, koloni la Ufaransa kwenye kisiwa cha Karibi, Haiti ya leo. Sukari na kahawa ya kisiwa hicho ilikuwa hazina ya Ufaransa, na Louisiana ilikusudiwa iwe ghala la kukilisha. Tangu Agosti 1791 watumwa wake, karibu laki tano, walikuwa wameinuka. Kiongozi wao mkuu akawa Toussaint Louverture, mtu aliyezaliwa utumwani.

Mwishoni mwa 1801 Napoleon akapeleka jeshi kubwa chini ya shemeji yake, Jenerali Leclerc. Toussaint aliitwa kwenye mazungumzo, akakamatwa, akasafirishwa hadi Ufaransa. Watu wakadhani moto umezimika. Habari zilipofika kwamba utumwa umerudishwa Guadeloupe, kisiwa kingine cha Ufaransa huko Karibi, ukawaka upya, na homa ya manjano ikawafyeka Wafaransa kwa maelfu. Leclerc mwenyewe ilimuua Novemba 1802. Kisiwa kikiponyoka, ghala la nini tena?

Toussaint alifia katika ngome ya Fort de Joux, kwenye baridi ya milima ya Jura, tarehe 7 Aprili 1803. Zilibaki siku nne tu Talleyrand aulize swali lake.

Haiti ilitangaza uhuru tarehe 1 Januari 1804. Marekani, iliyokuwa imepata nchi nzima kwa damu ya watu hao, ilikataa kuitambua kwa miaka 58, hadi Abraham Lincoln alipoitambua mwaka 1862.