Usambamba Hauanzi na Mteremko

Nimesahihisha tena kazi ambamo mwanafunzi ameandika, kwa hati safi na bila wasiwasi wowote, kwamba mistari x = 7 na x = 2 si sambamba kwa kuwa haina mteremko. Hoja yake inafuata barabara kile alichofundishwa, yaani kwamba mistari kuwa sambamba maana yake ni kuwa na mteremko ulio sawa, na hapo ndipo penye kosa. Usambamba ni suala la mwelekeo; mteremko ni kipimo tu cha mwelekeo huo, yaani badiliko la y likigawanywa kwa badiliko la x, nacho hushindwa pale mstari unaposimama wima, kwa sababu tungelazimika kugawanya kwa sifuri. (Wanaodai kwamba mteremko wa mstari wima ni sifuri sitawajibu leo.)

Chukua mstari 3x + 4y = 20 na nukta (2, −5), utafute mstari sambamba nao unaopita katika nukta hiyo. Wengi hukimbilia kutafuta mteremko, wakapata −3/4, wakaandika y = −3x/4 + c, kisha wakaweka jira za nukta (x yake na y yake) na kupata c = −7/2. Jibu ni sahihi, lakini njiani pana sehemu za kumchosha mtu bure, na wapo wanaoshika 3 kuwa ndiyo mteremko kwa kuwa tu inaonekana mbele ya x. Mwelekeo wote umo katika 3x + 4y. Namba ya upande wa kulia huusogeza mstari bila kuugeuza. Basi upande wa kushoto uachwe ulivyo, tuweke nukta, 3(2) + 4(−5) = −14, na mlinganyo ni 3x + 4y = −14. Kwa njia hiyo hiyo, mstari sambamba na x = 7 unaopita katika nukta ile ni x = 2.

Tahadhari moja: 6x + 8y = 9 ni sambamba na mstari wetu wa kwanza, lakini 6x + 8y = 40 ni mstari ule ule uliozidishwa kwa 2. Je, mstari ni sambamba na wenyewe? Kwa Euclid, mistari sambamba haikutani kamwe, kwa hiyo jibu ni hapana. Wanahisabati wengi wa sasa husema ndiyo, kwa sababu kanuni zao hunyooka zaidi. Vitabu vya shule hukwepa swali hili kwa kuchagua nukta iliyo nje ya mstari, nami sijaamua niwe upande gani.

Shaka yangu kubwa ni kwamba njia fupi hugeuka upesi kuwa desturi isiyo na maana. Kwa hiyo huwataka wanafunzi watoke (0, 5) hadi (4, 2) kwenye mstari wa kwanza, kisha (2, −5) hadi (6, −8) kwenye wa pili: mara zote ni hatua nne kulia na tatu chini, ambapo 3x huongezeka kwa 12 na 4y hupungua kwa 12, na jumla inabaki ile ile.