Kumhudumia Mgonjwa wa Transijenda: Mafunzo Yaanzie Dirisha la Mapokezi

Wengi hudhani kuwa kumhudumia mgonjwa wa transijenda, yaani mtu ambaye jinsia anayojitambua nayo si ile aliyoandikiwa alipozaliwa, ni somo la madaktari bingwa, ilhali mara nyingi mgonjwa huyo huvunjika moyo kabla hajamwona daktari. Karani hutazama kadi yenye jina la kike, akamtazama mwenye ndevu aliyesimama mbele yake, kisha akauliza kwa sauti inayofika benchi la mwisho: "Hii kadi ya nani?" Aliyetoka Newala kwa nauli ya kuungaunga, akiulizwa hivyo mbele ya majirani, ataondoka na ugonjwa wake. Ndiyo maana karani, mlinzi na mtoa dawa nao wanastahili kufundishwa kuuliza kwa sauti ya chini, "Ungependa tukuite nani?", na kulifuata jibu hilo.

Kwa upande wa tiba, kanuni ni kumtibu mtu kwa viungo alivyo navyo na dawa anazotumia, si kwa sura yake. Chukulia kijana huyohuyo mwenye ndevu analalamika maumivu makali chini ya kitovu. Ikiwa bado ana mji wa mimba na mirija yake, huenda mimba imetunga nje, kwani testosteroni, homoni ya kiume anayotumia, si kinga ya mimba hata kama hedhi imekoma. Mhudumu asiyewazia hilo atampa dawa ya tumbo huku damu ikivuja ndani. Vilevile, maadamu ana shingo ya kizazi, anahitaji kupimwa saratani yake kama ilivyo kwa wanawake. Naye mwanamke wa transijenda, yaani aliyeandikiwa mwanamume alipozaliwa, bado ana tezi dume, na akitumia homoni ya kike, estrojeni, aulizwe kuhusu uvimbe wa mguu mmoja, kwa kuwa homoni hiyo huweza kuongeza hatari ya damu kuganda.

Wakufunzi nao waachane na somo lililopitwa na wakati. Toleo la 11 la Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, lililoidhinishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika Januari 2022, liliiondoa hali hii katika sura ya magonjwa ya akili na kuiweka miongoni mwa masuala ya afya ya ujinsia.

Lipo pia suala la udadisi, ambalo binafsi naliona zito kuliko ujinga. Muuguzi anayesafisha kidonda cha mguu hana sababu ya kuuliza habari za sehemu za siri, wala ya kuwaita wenzake waje kuchungulia nyuma ya pazia.