Muhogo ukioza ndani, si kosa la udongo

Huku Mtwara, mtu akimenya muhogo akakuta madoa ya kahawia, makavu kama kigaga, utamsikia: "Shamba limechoka hili." Wengine husema mvua imezidi. Wapo waliohama mashamba kwa imani hiyo, na ugonjwa ukahama nao.

Ulihama kwenye mzigo wa mbegu. Hiyo ni michirizi ya kahawia, ugonjwa wa virusi ulioelezwa kwanza mwaka 1936 kutoka kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani, Usambara. Virusi huingia kwenye seli za mmea na kuzilazimisha zitengeneze virusi vingine. Inzi weupe, wale wadogo wanaoruka ukitikisa majani, huvihamisha shina hadi shina, lakini safari ndefu tunaifanya sisi, kwa pingili tunazopeana, yaani vipande vya shina vya kupanda. Na shina hudanganya: majani ya chini huwa na umanjano kidogo tu kando ya mishipa, kumbe mizizi imeshaharibika.

Mbolea haiui virusi. Kabla ya kukata pingili, chimba mizizi uipasue. Ukiona madoa, ng'oa shina lote, uchome. Mlaji haambukizwi virusi hivyo, ingawa uchungu wa kipande kilichooza utamkunja uso.